Kuonyesha jengo likiungua bila kuliwasha moto
Umeuliza namna ya kuigiza moto wa jengo kwenye filamu kwa bajeti ndogo. Anza na mwanga, kwa sababu mtazamaji huuamini moto kwa jinsi unavyocheza ukutani kuliko kwa ndimi zenyewe: weka nyuma ya madirisha taa mbili au tatu za rangi ya chungwa, zinazofifia na kung'aa bila mpangilio, kisha ujaze chumba moshi wa mashine ya kutengenezea moshi wa maigizo. Ndimi za moto zirekodi kando, mbele ya giza la usiku na kizimamoto kikiwa karibu, kwa fremu (picha) 120 kwa sekunde, ili zikipunguzwa kasi zionekane kubwa. Kisha ziweke juu ya picha ya jengo katika programu ya uhariri: modi ya skrini (Screen), namna mojawapo ya kuchanganya picha mbili, itaondoa weusi. Tafadhali, usiwashe moto wowote ndani ya jengo.