Lenzi ya Jicho Ikipotea, Anza Kuitafuta Jichoni

Kwanza kabisa, usisogee. Waambie na walio karibu wasimame walipo, na mtu asishike ufagio. Lenzi ngumu kama ninazovaa mimi zina upana wa milimita 9 au 10 hivi na zinaangaza kama maji. Kisigino kimoja tu kimeimaliza. Mimi nina keratokonasi, yaani konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imepungua unene na kuchongoka mbele, na miwani hainisaidii inavyotakiwa. Kwa hiyo lenzi kwangu si urembo. Ikipotea moja, kusoma na kutembea usiku kunakuwa shida mpaka nipate nyingine.

Kabla hujainama sakafuni, lichunguze jicho. Mara nyingi lenzi haijadondoka, imehama tu. Najua hofu inayowapata wengi: labda imezama nyuma ya jicho, imeelekea kichwani. Haiwezekani. Utando unaofunika weupe wa jicho hujikunja na kurudi ndani ya kope, hivyo nyuma pamezibwa. Lenzi inaweza kujificha, hasa chini ya kope la juu, lakini haina njia ya kupita.

Nawa mikono kwa sabuni, suuza, kausha vizuri. Simama mbele ya kioo penye mwanga. Inua kope la juu huku ukitazama chini, kisha vuta la chini huku ukitazama juu. Tia matone ya kulainisha macho yanayofaa kwa lenzi, fumba jicho, papasa kope taratibu kutoka juu kushuka chini, pepesa. Lenzi laini huwa imejikunja mahali, na ikilowa hujitokeza yenyewe. Lenzi ngumu ikiwa imeng'ang'ania kwenye weupe wa jicho, usiichokonoe kwa kucha. Iloweshe, subiri kidogo, halafu bonyeza polepole pembeni yake kwa ukingo wa kope mpaka iachie.

Usiharakishe kusema "itakuwa imeanguka." Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya Solihull, Uingereza, walieleza habari za mama wa miaka 67 aliyefika kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, wakamkuta na lenzi 27 katika jicho moja. Mwenyewe alidhani ule usumbufu ni ukavu wa macho na uzee. Mwaka uliofuata ikaripotiwa habari ya mwanamke wa miaka 42 aliyekuwa na lenzi ngumu ndani ya kope tangu ana miaka 14, alipopigwa jichoni akicheza badminton. Nyumbani kwao waliamini ilidondoka siku ileile.

Ukitafuta kidogo usiipate na jicho bado linakereketa, acha kulipekua. Huenda lenzi imekwishatoka na kinachouma ni mchubuko kwenye konea. Mtaalamu wa macho atatia rangi maalumu, amulike kwa mwanga wa bluu, na papo hapo ataona kama kuna lenzi au kidonda. Maumivu, wekundu, kuumizwa na mwanga, usaha au ukungu usioisha ni mambo ya kwenda hospitali leo, si kesho.

Jichoni hakuna? Sasa shavuni, kifuani, kwenye mikunjo ya nguo. Yangu moja mama aliiona kwenye pindo la mtandio wangu wakati watu wazima wawili tumepiga magoti tunapapasa marumaru. Kwa sakafuni, laza simu chini na uwashe tochi, mwanga utambae juu ya sakafu, lenzi itametameta. Ukiiona, iokote kwa ncha ya kidole iliyoloweshwa dawa ya lenzi, usiiburute. Ikiwa imeingia kwenye sinki, funga bomba mara moja, weka ndoo chini, fungua ile kona ya bomba la maji machafu.

Ukiipata, tafadhali usiilambe wala usiisuuze kwa maji ya bomba, hata maji ya kunywa ya chupa. Maji yanaweza kuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Acanthamoeba, anayeshambulia konea na kuweza kupofusha. Ndiyo maana natia udhu kwanza, nakausha uso na mikono, ndipo navaa lenzi. Lenzi laini ya siku moja iliyoanguka, itupe. Ngumu isafishe na kuiloweka kwa dawa yake kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na ikaguliwe mwangani: ikiwa na ufa au ukingo umemeguka, usiivae. Iliyotoka kwenye bomba chafu, mpelekee mtaalamu aliyekupa.

Isipopatikana, vaa miwani yako ya zamani hata kama haitoshi, na usiendeshe gari wala pikipiki. Usiazime lenzi ya mtu. Uwe na picha ya vipimo vyako kwenye simu: mpindo, kipenyo na nguvu ya kila jicho, ili uagize bila kusubiri faili litafutwe. Uliza pia ya kulia inatambulikaje na ya kushoto. Mara nyingi lenzi ngumu hutiwa rangi mbili tofauti, na ukibaki na moja mkononi lazima ujue ni ipi iliyopotea.