Usiamue kwa kuzunguka Lumumba tu: nilivyoijaribu Classic 350 hapa Kigoma

Mkuu uliyeuliza kuhusu Royal Enfield Classic 350 inayouzwa Ujiji, kwamba mwenye nayo anakuruhusu "uzunguke kidogo" halafu umalizie hela siku hiyohiyo, ngoja nikujibu kwa urefu. Njia hiyo nimeipita mwaka juzi, pikipiki ya aina hiyohiyo, mji huuhuu.

Nikiri kwanza kwamba nilienda nikiwa nimeshapenda. Tenki la mviringo lenye mistari ya dhahabu, taa ya duara yenye kikofia chake, mlio wa dug-dug-dug kama mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha kabla sijafika, inaunguruma nje ya geti. Nikapanda, nikashuka na barabara ya Lumumba mpaka stesheni, nikageuza, nikapandisha tena Mwanga. Watu wanageuka. Mzee mmoja mstaafu wa reli, amekaa chini ya mwembe, akanipungia nisimame: "Kijana, hii si ndiyo ile ya mapadri?" Nilicheka, ila mzee hakuwa mbali. Kampuni yenyewe ilianzia Uingereza na pikipiki yake ya kwanza ilitoka 1901. India wakaanza kuziunda Madras (siku hizi Chennai) 1955, na ndiko zinakotoka mpaka leo. Hii Classic ya sasa ilitoka 2021 ikiwa na injini mpya, imevalishwa nguo za babu yake.

Dakika 10 tu, na mkono ulikuwa mfukoni tayari natafuta pesa ya kishika uchumba. Aliyeniokoa ni mke wangu. Aliniambia kwenye simu: "Umeijaribu wewe. Mimi nitakayekaa nyuma mpaka Kalinzi kwa mama, sijaijaribu."

Basi kesho yake nikaenda saa 12 na nusu asubuhi, bila taarifa. Sikuomba ufunguo kwanza, niliweka kiganja kwenye injini. Ya baridi. Hapo ndipo nilipoijua pikipiki. Kubonyeza selfu, ikakoroga kama mzee anayekohoa, ikanyamaza. Mara ya pili hivyohivyo. Nikatazama chini kutafuta kiki kwa mazoea yetu, na hizi mpya hazina kiki kabisa. Betri ikichoka unasukuma, na chuma kina kilo 195. Tuliisukuma mimi na yeye mpaka ikawaka, naye anarudia "ni betri tu hiyo, bwana, ni betri tu." Inawezekana. Lakini jana yake kwa nini niliikuta imeshawaka?

Kwa hiyo la kwanza: hakikisha umeikuta ya baridi. Ukiikuta ya moto, kaa upige stori, kunywa chai, subiri ipoe. Ukiona muuzaji anakosa raha, umeshapata jibu nusu.

Baada ya hapo nikamwambia nataka barabara ya Manyovu. Akasita, tukakubaliana: nimwachie kitambulisho na pikipiki yangu ya kila siku, mafuta juu yangu, nikiiangusha nalipa. Hilo malizaneni kabla hujakaa kwenye siti, na uliza kama bima ipo hai na ni kubwa au ndogo. Angalia pia leseni yako kama daraja lake linaruhusu pikipiki ya zaidi ya cc 125. Wengi wetu hatujawahi kuliangalia.

Nikampitia mama watoto. Mjini kote hakuna shida. Tumefika Mwandiga, tukakunja kushoto, milima ikaanza. Hapa ndipo nilipoelewa hii mashine ni ya namna gani. Nguvu zake ni kama farasi 20, si nyingi kwa chuma kizito namna hii, ila inavuta injini ikiwa bado inazunguka taratibu, haitaki kupigiwa kelele. Kwenye mlima, tukiwa wawili, niliishika gia ya tatu na ikapanda taratibu bila kulalamika. Nilipotaka kuovateki lori lililobeba ndizi kama nilivyozoea, ikanijibu kwa upole kwamba tusubiri. Kwenye kilomita 80 kwa saa imetulia kabisa, hata kioo hakitikisiki. Kwenye 100 naiona inafanya kazi. Kama wewe ni mtu wa kukimbizana na Coaster za Kasulu, hii si yako, na hutalijua hilo ukiwa Lumumba.

Kona za kushuka nilizipenda. Inalala vizuri, haiyumbi. Ila nikiachia kidogo mikono, usukani unavuta kushoto. Niliposimama nikaukagua, ncha ya mkono wa klachi ina mkwaruzo uliopakwa rangi nyeusi. Ilishawahi kulala chini, na hakuna aliyenitajia.

Kalinzi nikasimama kwa wauza ndizi, pembeni kuna kokoto. Mguu wa kushoto ukateleza, chuma kikaanza kwenda nao. Mke ameruka, mimi nimebaki nimekikumbatia kama mbuzi anayegoma kuingia zizini. Hakikuanguka, kiuno kiliuma siku tatu. Bodaboda zetu nyingi ni kilo 120 hivi. Ikitaka kulala unaizuia kwa goti. Hii haizuiliki. Kwa hiyo ukijaribu, igeuze sehemu finyu, irudishe nyuma kwa miguu, iegeshe kwenye mteremko. Siti iko juu sentimita 80 na kidogo kutoka chini. Kama kisigino hakigusi chini, fikiria mara mbili.

Mambo ya fundi nayapitia haraka. Haina kabureta, inatumia mfumo wa umeme kupuliza mafuta, kwa hiyo fundi wako wa kila siku muulize kabla, si baada. Tairi ya mbele ya hizi za spoku ni namba 19, nenda madukani uone kama ipo au itaagizwa. Na kadi: namba ya chasisi na ya injini uzisome mwenyewe kwenye chuma, zilingane na karatasi, jina liwe la huyo anayepokea hela. Si la "shemeji yangu yuko Dar".

Sikuichukua ile. Si kwamba ilikuwa mbovu, betri na usukani vingetengenezeka. Ni kwamba niliuliza mara tatu kama imewahi kuanguka, nikajibiwa hapana mara tatu. Niliyonayo sasa niliipata miezi minne baadaye kwa mtu wa Kasulu aliyeniambia mwenyewe, kabla sijauliza, kwamba breki za nyuma zimeisha. Siti ya nyuma nimeishonea upya, maana mama watoto alisema ile ya mwanzo ni ya kubebea gazeti.

Hiyo ya Ujiji, ukipanga kwenda kuijaribu nistue PM. Jumamosi asubuhi huwa nina nafasi. Nitakaa nyuma, nina kilo 88, tutaona kama inapanda.