Wastani wa shule umeshuka: nani wa kuulizwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali hapa Sombetini, Arusha. Matokeo ya darasa la saba yametugawa. Shule yetu imepata wastani wa 142, daraja C, wakati mwaka juzi tulikuwa na 155. Shule ya jirani, ya serikali kama yetu, ina 171. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp wameshaamua kwamba mwalimu mkuu aondoke, na kikao kinakuja. Naomba kufahamu wastani huu unapatikanaje, kama unatosha kumhukumu mtu, na nani hasa anamwajibisha nani.

JIBU: Marahaba mama. Nianze na hesabu, maana vikao vingi vya namna hii huharibika kwa sababu watu wanagombea namba wasiyojua imetoka wapi.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Baraza la Mitihani, NECTA, hujumlisha alama za watoto wote wa shule waliofanya mtihani na kugawa kwa idadi yao. Hiyo ndiyo 142 yenu. Madaraja nayo yako hivi: 241 hadi 300 ni A, 181 hadi 240 B, 121 hadi 180 C, 61 hadi 120 D, chini ya hapo E. Kwa hiyo ninyi na jirani yenu mko daraja moja. Sisemi tofauti ya alama 29 ni ndogo, ni kubwa. Ila anayesema jirani "wamefaulu" na ninyi "mmefeli" hajasoma karatasi.

Kuhusu kushuka kutoka 155, ulizeni kwanza darasa lilikuwa na watoto wangapi. Shule ikiwa na watahiniwa hamsini, watoto wachache wenye uwezo mkubwa wakihamia shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza walipofika darasa la tano (na hapa Arusha mnajua jinsi jambo hilo lilivyo la kila mwaka), wastani unayumba hata kama walimu wamefundisha vilevile. Ndiyo maana NECTA ilipokuwa ikipanga shule kwa nafasi, ilizitenga zenye watahiniwa pungufu ya 40 na zenye 40 au zaidi. Tazameni miaka minne au mitano mfululizo. Ikiwa wastani unateremka kila mwaka, hapo kuna jambo. Ukipanda na kushuka bila mpangilio, msikimbilie kumtafuta mchawi.

Sasa nikuonyeshe tundu la wastani huu, ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Chukua shule yenye watahiniwa 50 na wastani wa 142. Jumla ya alama zote ni 7,100. Tuseme sita kati yao walipata 70 kila mmoja, yaani alama 420 kwa pamoja. Watoto hao sita wasingekuwapo, kwa kukaririshwa darasa la sita, kupewa uhamisho, au kuachwa wawe watoro mpaka usajili ukafungwa, shule ingebaki na watoto 44 na alama 6,680. Gawanya: 151.8. Wastani umepanda karibu alama kumi na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu cha ziada. Mwalimu mkuu wa shule hiyo angepongezwa, na huyu wenu aliyewasajili wote anatakiwa afungashe.

Jambo hili limewahi kutokea nchini, tena kwa kiwango cha kupimika. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na upande wa elimu shule za msingi zikapangwa hadharani kwa matokeo ya darasa la saba, kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, na kwa nafasi zao ndani ya wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani kabisa mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli, kwa hiyo shinikizo lilifanya kazi. Lakini katika shule hizohizo idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani ilipungua. Waliokuwa wanavuta wastani chini walikuwa wakiachwa njiani.

Mnaweza kulipima hili wenyewe kwa simu tu. Tovuti ya NECTA ina matokeo ya upimaji wa darasa la nne na ya darasa la saba, shule kwa shule. Aliyemaliza la saba mwaka 2024 alikuwa la nne mwaka 2021. Fungueni ukurasa wa shule yenu wa mwaka ule wa darasa la nne, hesabuni watoto, kisha fungueni wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Fanyeni vivyo hivyo kwa shule ya jirani. Shule iliyoanza na 80 ikamaliza na 76 si sawa na iliyoanza na 80 ikamaliza na 58, hata kama ya pili ina wastani mzuri zaidi. Si kila pengo ni hila, maana mji kama Arusha una wapangaji wanaohama kila kodi inapopanda. Lakini mtoto ana namba ya prem, yaani namba yake ya usajili wa kitaifa, inayomfuata toka darasa la kwanza; akihama kihalali, uhamisho wake unaonekana. Mwalimu mkuu aulizwe watoto walikwenda wapi, na awe na jibu la maandishi.

Kwa namba hiyohiyo ya prem, kwa maoni yangu, tungeweza kufanya kitu cha maana zaidi: kumlinganisha mtoto na nafsi yake, alipokuwa la nne na alipofika la saba. Jimbo la Florida huko Marekani, lililoanza kuzipa shule herufi A hadi F mwaka 1999, baadaye liliingiza kwenye kipimo chake hatua anayopiga mwanafunzi mmoja mmoja toka mwaka hadi mwaka. Uingereza, wakaguzi wao walizoea kuihukumu shule nzima kwa neno moja. Septemba 2024 wakaliacha kwa shule za serikali. Kwetu, Januari 2023 NECTA ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ilisema haitatangaza tena orodha ya shule kumi bora, kwa hoja kwamba shule hazifundishi katika mazingira yanayofanana. Mimi niliunga mkono. Ilboru, sekondari ya serikali ya hapa Arusha, inapokea wavulana waliochujwa kwa ufaulu kutoka nchi nzima. Kuiweka kwenye mstari mmoja na sekondari ya kata inayopokea kila mtoto wa mtaa wake ni kupima mchujo, si ufundishaji. Ila orodha hazikufa. Watu wanazitengeneza wenyewe na kuzirusha mitandaoni.

Kwa wenye watoto sekondari, tahadhari moja: GPA ya kituo, yaani wastani wa pointi wa shule, kwenye kidato cha nne inasomwa kinyume. A ni pointi 1, F ni 5, hivyo ndogo ndiyo nzuri. Nimeona watu wakishangilia 4.1.

Tuje kwenye kipimo cha pili, ambacho kikao chenu kingeanza nacho. Shule za serikali hazipimwi kwa mtihani tu. Wizara ya Elimu ina wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliitwa wakaguzi, na tangu kiunzi cha uthibiti ubora cha 2017 wanaitazama shule katika maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala unavyotekelezwa, uongozi, mazingira na usalama, na ushirikiano na jamii. Mthibiti anakaa nyuma ya darasa, anafungua madaftari ya watoto kuona yamesahihishwa lini, analinganisha azimio la kazi na andalio la somo. Daftari la Hisabati halidanganyi. Ukikuta kurasa kumi na tano zina alama ya vyema moja tu, iliyochorwa kwa haraka kwa kalamu moja siku moja, unajua somo lilivyofundishwa bila kumuuliza mtu.

Ripoti ya tathmini hiyo inaachwa shuleni na mapendekezo yake, na kamati ina haki ya kuisoma. Sasa mwalimu mkuu ana la kujibu: mapendekezo yalikuwa yapi, yametekelezwa mangapi, na kama hayakutekelezwa, amemwandikia nani.

Nani anamwajibisha nani? Hapa ndipo kamba inapogawanyika, na kila mtu hushika upande wake. Wizara inatoa sera, mtaala na uthibiti ubora. Shule yenyewe iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na kwenu hiyo ni Halmashauri ya Jiji, kupitia afisa elimu msingi na afisa elimu kata. Nidhamu na madaraja ya walimu viko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Siku hizi kila mwalimu hujazia malengo na kazi zake kwenye mfumo wa PEPMIS, na msimamizi wake ndiye anayempima humo. Kamati ya shule inasimamia, inashauri, inapitisha mipango na matumizi. Haiteui mwalimu mkuu wala haimtengui. Uamuzi huo ni wa halmashauri. Mnaweza kupendekeza, kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa, wenye sababu. "Wazazi wamechoka" si sababu ambayo mkurugenzi ataifanyia kazi.

Na kabla ya kupendekeza, tenganisheni yaliyo mikononi mwa mwalimu mkuu na yasiyo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ulizeni ikama: walimu wangapi wanahitajika, wangapi wapo, na yupi anafundisha Hisabati la sita na la saba. Ikiwa darasa lina watoto 90 na mwalimu mmoja, swali hilo ni la afisa elimu, kwa sababu mwalimu mkuu haajiri wala hapangi walimu kati ya shule na shule. Fedha nazo: tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na zinazofika kwenye akaunti ya shule ni 6,000, yaani 500 kwa mwezi kwa kichwa. Zidisheni kwa idadi ya watoto wenu mjue mnazungumzia nini kabla hamjauliza kwa nini hakuna mitihani ya majaribio kila wiki. Lakini zile zinazofika lazima zionekane kwenye ubao wa matangazo, mapato na matumizi, na hapo msikubali "tutaleta".

Yaliyo mikononi mwake ni haya: mahudhurio ya walimu darasani, madaftari kusahihishwa, watoro kufuatiliwa, usajili kuwa wa kweli, na ripoti ya wathibiti kufanyiwa kazi. Akishindwa katika haya, hata wastani ukiwa 171, ana kesi ya kujibu. Akiwa ameyatimiza kwa watoto wote aliowapokea, hata kwa 142, mimi nisingesaini barua ya kumwondoa.

Kuhusu shule ya jirani, msiwachukie. Ombeni afisa elimu kata awakutanishe walimu wa Hisabati na Kiingereza wa shule zote mbili, kwa sababu matokeo ya kila somo yapo kwenye ukurasa uleule wa NECTA na mara nyingi pengo lote liko kwenye somo moja au mawili. Na ripoti ya wathibiti isipopatikana shuleni, mwenyekiti wa kamati amwandikie barua Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule wa wilaya, nakala kwa afisa elimu msingi, aombe muhtasari wa tathmini ya mwisho. Barua hiyo ingetoka kabla ya kikao, si baada yake.