Kalamu ya wino ya zamani: jifunze kusafisha kabla ya kununua

Kalamu nyingi za zamani zinazoitwa mbovu si mbovu, zimeziba tu. Mwenye kalamu alistaafu, akaitia kwenye droo ikiwa na wino ndani, wino ukakauka, akanunua peni ya kawaida na maisha yakaendelea. Ndiyo maana nikiulizwa mtu aanzie wapi na kalamu za kujaza wino, namwambia aanze na maji. Ukijua kusafisha, hutaogopa kalamu iliyokatiwa tamaa, wala hutauziwa kwa bei ya kuumiza.

Hapa Mwanza mara moja moja utaiona moja Makoroboi au Mlango Mmoja, imelala katikati ya saa zilizosimama na funguo zisizo na makufuli. Lakini nyingi zimo majumbani, kwa walimu wastaafu na makarani wa zamani. Kanda hii iliandika sana kwa mkono. Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa vyama vya ushirika ulioundwa mwaka 1955 na akina Paul Bomani, ulikuwa wa wakulima wa pamba, na pamba haiuzwi bila karani na kitabu chake. Ukienda kwa mzee, usianze na bei.

"Shikamoo mwalimu. Ile kalamu yako ya wino bado ipo?"

"Marahaba. Ipo, lakini hiyo ilishakufa."

Muombe uione, umweleze ukweli. Kama inaweza kufufuka, mwambie. Wapo wazee niliowasafishia wakaamua kubaki na kalamu zao, na naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Na kama nibu, ile ncha ya metali inayoandika, ni ya dhahabu, imeandikwa 14K au 585, msihi asiipeleke kwa sonara. Huku kwetu, jirani na Geita, kila mtu anajua bei ya dhahabu, lakini nibu kwa kawaida haifiki hata gramu 1. Ikiyeyushwa, mzee anaambulia hela kidogo na kalamu nzima imekwisha.

Ya kutafuta kwanza ni Parker 51. Ilitoka Marekani mwaka 1941, nibu yake imefichwa karibu yote ndani ya ganda, inachungulia ncha tu. Fungua mwili wake. Ukikuta bomba la chuma lenye kipande cha kubonyeza ubavuni, hiyo ni ya mfumo ulioanza mwaka 1948, na kifuko chake cha plastiki ni kigumu kufa; nimeona vya miaka mingi ambavyo bado vinanyonya wino vizuri. Za kabla ya hapo zina kitufe mkiani na kiwambo cha mpira ndani, na hicho kikichoka kinataka fundi. Usichanganye na Hero ya Shanghai, ambayo imefuata umbo hilohilo. Hero 616 ni kalamu nzuri ya kuanzia, inaandika bila makuu, ila isilipiwe bei ya Parker.

Kalamu yenye kiwiko kidogo cha chuma ubavuni cha kujazia wino, mfumo uliopata umaarufu kupitia kampuni ya Sheaffer, ina kifuko cha mpira ambacho kwa umri huo mara nyingi kimekauka kikawa kama ganda. Kiwiko kikigoma, kiache. Ukikilazimisha unakivunja, na kifuko ni rahisi kubadilisha kuliko kiwiko.

Nibu ikague kwenye mwanga. Mwombe fundi saa akuazime lenzi yake. Meno mawili ya nibu yawe sawa, na kila moja liwe na kitone chake cha metali ngumu nchani. Kitone kimoja kikikosekana, ondoka. Hicho hakirudishwi mtaani.

Sasa maji. Yawe ya kawaida, yasiwe ya moto kamwe, kwa sababu ebonaiti, ule mpira mgumu wa kalamu za mwanzo wa karne ya 20, hupauka ukawa kahawia, na seluloidi, plastiki ya zamani, hupinda. Spiriti, thina na petroli ziache kabisa, hata fundi akikuapia. Weka maji kwenye glasi, simamisha kalamu kichwa chini, maji yafunike nibu na yapite kidogo, kisha ondoka. Ukirudi utaona uzi wa buluu unashuka kutoka kwenye ncha hadi chini ya glasi, mwembamba, haukatiki. Huo ni wino ambao pengine ulifanya hesabu za shule kabla hujazaliwa. Mwaga, badilisha maji, rudia. Parker 51 ndiyo inayochosha zaidi, maana chini ya lile ganda kuna vijitaro vingi vinavyoshika wino; usishangae ikichukua siku kadhaa. Maji yakigoma kubadilika, tia tone la sabuni ya vyombo, halafu suuza vizuri. Mwisho izungushie nibu karatasi laini ya chooni na uiache imesimama, ivute unyevu. Karatasi ikitoka bila doa, kalamu iko tayari.

Wino ujaze wa kalamu za wino tu, kama Quink ya Parker. Wino wa mhuri, wa printa, na ule wa kuchorea wenye gundi utakurudisha ulikotoka, au pabaya zaidi.

Karatasi nayo ina neno. Kaunta buku nyingi zinanyonya wino hadi upande wa pili, lakini si zote, hata za duka moja. Nenda dukani na kalamu yako, omba uandike mstari mmoja ukurasa wa mwisho, geuza uangalie mgongo wake. Ukipata inayostahimili, nunua kadhaa siku hiyohiyo, maana mzigo ujao unaweza kuwa na karatasi nyingine.

Ukianza kuandika, legeza mkono. Peni ya kawaida imetuzoesha kukandamiza, na nibu haitaki hivyo; wino unashuka wenyewe. Iandikie mara kwa mara, hata orodha ya sokoni. Ukijua utasafiri kwenda Ukerewe au Bukoba na utaiacha nyumbani, itoe wino wote na uisuuze kabla hujafunga begi.