Siku Moja Mombasa: Kwanza Tuulizane Tunakwenda Kuona Nini

Wiki hii gazeti limewauliza wasomaji: "Je, siku moja yatosha kuutalii mji mkubwa wa bandari, na wewe ungeitumiaje?" Nimelisoma swali hilo nikiwa hapa Tororo, mashariki mwa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, ambapo malori yatokayo Malaba hupita usiku kucha, na limenigusa kuliko nilivyotarajia. Linamchukulia mgeni kama mtu asiyehusiana kwa lolote na mji anaouzuru, aliyekuja kustarehe na kujiondokea. Mganda aendaye Mombasa hayuko hivyo. Kabla hatujaanza kuhesabu saa, nadhani inafaa tuulizane mtu wa nchi isiyo na bahari huenda bandarini kuona nini.

Kwa miaka mingi nimeshikilia kwamba siku moja haitoshi, na kwamba safari ya namna hiyo ni kupoteza nauli. Nimewaona wenzangu wengi wakiifanya. Hushuka kwenye basi alfajiri wakiwa wamechoka, wakapiga picha chini ya sanamu kubwa za pembe za ndovu za Moi Avenue, wakapita ngome ya Fort Jesus, wakala biriani, wakanunua leso Biashara Street, kisha wakakimbilia basi la jioni. Wakifika nyumbani husema wameiona Mombasa. Ngome wameiona, ni kweli, lakini hawakujiuliza kwa nini Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 mahali pale pale, juu ya jabali linalotazama mlango wa maji, wala kwa nini Waarabu wa Omani walikuwa tayari kuizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa mwishoni mwa 1698. Aliyeishika ngome ile aliweza kuamua chombo gani kiingie bandarini na kipi kibaki nje. Bila kuitazama bandari, kuta zile hazina maelezo.

Nasi wa bara tumefungwa na bandari hiyo kuliko tunavyokumbuka. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, ikafika ukingo wa ziwa pale Kisumu mwaka 1901, wakati ambapo sehemu hiyo bado ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mpaka ulihamishwa mwaka uliofuata. Kampala iliipata reli mwaka 1931. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, mfalme wa Buganda, walipokamatwa mwaka 1899, walipelekwa pwani na hatimaye kuvushwa bahari hadi Shelisheli. Mwanga alifia huko, na Kabalega akafariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao Bunyoro. Na yeyote aliyekuwa na pikipiki mwezi Januari 2008 hahitaji kusimuliwa: reli iling'olewa Kibera, mtaa wa Nairobi, barabara zikafungwa, na petroli ikaadimika kwetu siku chache tu baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, ambazo hazikuwa zetu. Wengi wetu ndipo tulipotambua kwamba mafuta, ngano, mitumba na magari tunayoyanunua huko Kampala hutegemea njia moja yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,100. Najua kwamba mizigo mingine hupitia Dar es Salaam, lakini hiyo ni sehemu ndogo.

Hapa ndipo lazima nimtaje mjomba wangu, ambaye aliendesha trela kati ya Kilindini, bandari ya Mombasa, na Kampala hadi macho yalipomzuia. Mtu akiniuliza ni nani katika ukoo wetu anayeijua Mombasa, ningemtaja yeye bila kusita. Aliijua mizani ya Mariakani, alijua mahali pa kulala Changamwe pasipo na wezi wa mafuta, na alijua ni mama lishe gani huuza viazi karai saa kumi za usiku. Baada ya kustaafu aliniomba nimsindikize huko, kwa kuwa alikuwa na rafiki mgonjwa upande wa Likoni, ng'ambo ya mkondo wa bahari unaoingia bandarini, na ratiba yetu ilituruhusu siku moja tu ya kutembea mjini. Tulipokuwa tukiteremka kwa miguu kuelekea kivukoni aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kabisa: kwamba hakuwahi kupanda feri ya Likoni, hakuwahi kuingia Fort Jesus, na kwamba alikuwa hajawahi kuiona meli ikiingia.

Ilikuwa asubuhi, na umati wa kivukoni ulikuwa mkubwa. Kulikuwa na wanawake wenye vikapu vya ndizi, wanafunzi, vijana wa mikokoteni wakipiga miluzi ili wapishwe njia, na mzee mmoja aliyebeba kuku wawili kichwa chini. Mjomba alikuwa akinishika mkono kwa sababu ya macho yake. Lango lilipofunguliwa watu waliteremka mteremko wa saruji kwa kasi, nasi tukasukumwa hadi karibu na maji. Kisha ghafla kila mtu akasimama, maana feri iliyokuwa ng'ambo haikuondoka. Kijana mmoja akasema, "Meli yapita," kana kwamba anataja hali ya hewa, akageukia simu yake.

Kwanza zilionekana tagi mbili, boti za kuvuta meli, ndogo na zenye nguvu, zikijipanga. Kisha ikatokea meli yenyewe kutoka upande wa bustani ya Mama Ngina, ikaziba miti ya ng'ambo, ikaziba nyumba, na hatimaye ikaiziba Likoni nzima. Ubavu wake ulikuwa wa buluu, na chini ya tundu la nanga kulikuwa na michirizi ya kutu iliyoshuka hadi kwenye rangi nyekundu ya chini, ambapo tarakimu nyeupe za kupimia kina zilisomeka wazi hata kwa mjomba. Makontena yalikuwa yamepangwa juu yake orofa kwa orofa. Haikupiga kelele nyingi. Kilichosikika zaidi ni maji. Nilimweleza mjomba kwamba rubani wa bandari huipanda meli ingali nje ya miamba, kwa sababu nahodha mgeni haachiwi kuuingia mkondo ule peke yake. Hakunijibu. Alikuwa akisoma rangi za makontena na kutaja kwa sauti ya chini kampuni alizozijua, moja baada ya nyingine, hadi meli ilipopinda kuelekea Kilindini.

Ndipo aliposema, "Mpwa wangu, kumbe hii ndiyo niliyokuwa nikiingoja." Miaka yote ile, yeye na tanboi wake, msaidizi wa lori, walikuwa wakipika uji kando ya barabara, siku tatu, siku nne, nyakati nyingine zaidi ya wiki, wakiambiwa na wakala wa forodha kwamba meli haijafika au haijapakuliwa. Alikuwa ameingoja bila kujua ina umbo gani. Mawimbi ya meli yalipofika ukingoni yalitulowesha viatu, watu wakacheka na kurudi nyuma, lakini yeye hakusogea. Tuliporudi alasiri, sehemu kubwa ya saruji tuliyokuwa tumesimama juu yake ilikuwa imefunikwa na maji yaliyojaa, na mjomba, aliyezaliwa karibu na Ziwa Victoria ambalo halijui kupwa na kujaa, aliuliza maswali juu ya jambo hilo hadi usiku.

Hatukuingia Fort Jesus siku ile. Muda ulikwisha. Kwa kipimo changu cha zamani, tuliipoteza siku. Lakini nikiandika haya naona kipimo hicho hakisimami. Aliyekaa Mombasa kwa vipande vya miaka alikuwa hajauona mji, na akauona kwa asubuhi moja akiwa amesimama mahali pamoja bila kununua kitu. Siwezi tena kusema kwamba idadi ya siku ndiyo inayomzuia mtu, ingawa bado ninaamini kwamba kukimbia kutoka pembe hadi ngome hadi hotelini hakumwachii mgeni nafasi ya kutazama chochote kwa utulivu.

Kwa hiyo jibu langu kwa gazeti ni ndiyo, siku moja yatosha kwa Mganda, lakini kwa masharti. Atangulie kulala huko usiku mmoja, kwa kuwa mtu aliyetoka Kampala kwa basi hana macho ya kutazama chochote siku anayofika. Achague mkondo wa Kilindini au Mji wa Kale, asijaribu vyote viwili. Akichagua Mji wa Kale, ajue kwamba Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, na kwamba mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana ni cha kutafutwa. Akichagua mkondo, asidhani kwamba meli itapita kwa ajili yake. Pengine atangoja kutwa nzima na kuziona feri tu, na hilo nalo lina faida yake kwa mtu ambaye bidhaa zake nyingi hungoja huko. Mwenye watoto wadogo aanzie bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, kwa sababu msongamano wa Likoni asubuhi haumfai mtoto, na kutoka hapo meli inayoingia huonekana mapema zaidi.