Nibu ya kalamu ya kwanza ya kujaza wino

Mwalimu, umeuliza uchague nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) ya F, yaani nyembamba, au ya M, yaani ya wastani, kwa kalamu yako ya kwanza ya kujaza wino, ukieleza kwamba unaandika maandalio ya masomo kwenye kaunta buku za kawaida za hapa Tabora. Mimi ningechukua F, na sababu kubwa ni karatasi. Karatasi ya kaunta buku hunywa wino kwa pupa, kwa hiyo nibu nene, ambayo hutoa wino mwingi, hufanya mstari utanuke na kuota vinyweleo pembeni, kisha wino hupenya hadi nyuma, nawe ukajikuta unatumia upande mmoja tu wa kila karatasi.

Hata hivyo, herufi hizo hazina kipimo kimoja: F ya Kijapani, kama ya kampuni ya Pilot, kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya kampuni ya Lamy ya Ujerumani, kiasi kwamba M ya Kijapani hukaribiana na F ya Ulaya. Kama mwandiko wako ni mkubwa, M ya Pilot itakufaa vilevile. EF, yaani nyembamba zaidi ya F, iache kwanza, kwa sababu mkono uliozoea kukandamiza Bic (wangu ulikuwa hivyo) huifanya ikwaruze karatasi.

Ukisitasita bado, nunua Lamy Safari, ambayo nibu yake huchomolewa na kubadilishwa bila kununua kalamu nyingine. Wakati wa kiangazi usiiache wazi mezani, maana wino hukauka upesi kwenye nibu.