Rudi Palepale: Kwa Wewe Unayeona Huna cha Kupiga Picha

Picha yangu moja imechaguliwa kuwekwa kwenye maonyesho, na furaha niliyo nayo sina sababu ya kuificha. Inaonyesha ncha ya jani la nyasi na tone moja la maji, basi. Tangu habari itoke, watu wananiuliza nilisafiri hadi wapi kuipata. Halafu juzi msomaji mmoja akaniandikia ujumbe mrefu: anapenda mno picha za maumbile, ila hana uwezo wa kwenda mbugani wala milimani, simu yake ni ya kawaida, na pale anapoishi haoni cha kupiga isipokuwa majani na magugu. Akaniomba ushauri. Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii nilipeleka picha zangu kwa mtu niliyemheshimu sana, tukiwa wengi chumbani. Zilikuwa picha za maganda ya miti, mbegu zilizopasuka, kuvu kwenye gogo lililooza. Alizipitia upesi upesi, kisha akasema mbele ya wote kwamba hizo ni picha za mtu asiye na pa kwenda. Watu wakacheka. Miaka imepita, na bado nikilikumbuka neno lile kifua kinabana. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, unyonge unaousikia unapotazama picha za wengine za simba na maporomoko ya maji, naujua. Na ninakwambia kwa yakini: yule bwana hakujua alichokuwa anakisema.

Nyasi zenyewe zimeota chini ya ukuta ninaopita kila asubuhi. Siku moja niliinama kufunga kamba ya kiatu nikaona kitu: matone yote yalikuwa yamekaa kwenye ncha. Katikati ya majani palikuwa pakavu. Kama ni umande, mbona umechagua ncha tu? Swali hilo halikuniacha. Nikasoma, nikajua kwamba maji yale yametoka ndani ya mmea wenyewe. Usiku, udongo ukiwa na unyevu na hewa ikiwa imejaa mvuke, mizizi huendelea kunyonya maji ilhali majani hayapotezi mengi hewani. Msukumo unapanda, na maji hutokezea kwenye vitundu vidogo mno vilivyopo nchani au pembezoni mwa jani. Umande ni habari nyingine: huo ni mvuke wa hewani unaogeuka maji ukigusa kitu kilichopoa, na hutanda popote.

Baada ya kujua hilo sikuweza tena kupita pale bila kusimama. Nilirudi asubuhi nyingine, na nyingine. Kuna siku nilichelewa, jua likawa limeshayakausha. Kuna siku upepo ulitikisa kila kitu. Kuna siku nyuma ya jani palikuwa na mwanga mkali uliolimeza tone zima. Hatimaye ikaja asubuhi ya wingu jembamba, hewa imetulia tuli, nikalala chini kifudifudi. Tone la maji hufanya kazi ya lenzi: hupinda mwanga na kukuonyesha kilicho nyuma yake kikiwa juu chini. Ndani ya tone lile niliona ukuta wote ukining'inia kutoka juu, na anga imetandikwa chini yake. Upana wa tone haukufikia hata punje ya mtama. Niliishiwa pumzi. Picha iliyochaguliwa ndiyo hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na mkubwa kuliko yote: rudi palepale. Usitafute mahali papya kila siku. Chagua mti mmoja, kichaka kimoja, ufa mmoja wa ukuta wenye magugu, ukarudi mpaka ukijue kitu hicho kama unavyomjua mtu wa nyumbani. Anayepita mara moja huona jani. Anayerudi huona jani likifunguka, likiliwa na kiwavi, likigeuka manjano kuanzia pembeni.

Ushauri wa pili ni mwanga, nao kwa kweli ni uleule wa kwanza, kwa sababu bila kurudi hutaujua. Jua la asubuhi na la jioni husafiri katika hewa nene zaidi kabla ya kutufikia, rangi ya buluu ikatawanyika njiani, tukabakiwa na ile ya dhahabu. Tena linakuja kwa ubavu, kwa hiyo kila kijinyweleo cha jani kinapata kivuli chake na mikwaruzo ya ganda la mti inatokeza. Jua la utosini halikupi hayo. Lakini usilikimbie kabisa: jiweke upande wa pili wa jani ili jua liwe nyuma yake, na mishipa yote itawaka mbele yako mpaka ile midogo kabisa. Siku ya mawingu watu wengi huacha kamera ndani. Mimi ndiyo siku yangu. Anga lote linakuwa taa moja pana, vivuli vinalainika, na rangi za maua haziungui.

Kuhusu simu, nitasema machache. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu. Simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko takribani sentimita 10, labda iwe na lenzi ya vitu vya karibu. Ukiona ukungu, rudi nyuma kidogo upige, kisha ukate picha baadaye. Gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri, shikilia kidole mpaka ulengaji ujifunge hapo, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga. Ua jeupe kwenye jua lipige likiwa na giza kidogo, kwa sababu mahali palipoungua weupe hapana cha kurudisha hata uhariri vipi. Upepo ukivuma, subiri. Hauvumi mfululizo, huwa na vituo vyake.

Nimemtaja msomaji aliyesema ana magugu tu. Basi sikiliza habari ya Wilson Bentley, mkulima wa Vermont kule Marekani. Mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini, akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Theluji ileile iliyowachosha majirani zake kila majira ya baridi yeye aliifuata maisha yake yote, hapohapo kwao, hata akafa mwaka 1931 akiwa amepiga picha zaidi ya 5,000 za chembe hizo. Mpiga picha mwingine wa Marekani, Edward Weston, mwaka 1930 alichukua pilipili hoho, akaiweka ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke vizuri, akaipiga ikatoka na misuli na mabega kama mwili wa binadamu. Ni moja ya picha zinazojulikana zaidi katika historia ya upigaji picha. Pilipili hoho! Hawa nao walikuwa hawana pa kwenda?

Samahani, nimepandwa na jazba. Lakini jambo hili linaniuma. Tumefundishwa kwamba uzuri uko mbali, lazima uufuate kwa gari na lenzi ndefu, na aliyebaki nyumbani hana haki ya kujiita mpiga picha. Matokeo yake vijana wanakusanya fedha kwa miaka kununua kamera, wanakwenda safari moja, wanarudi na picha zilezile ambazo kila aliyesimama pale ameshazipiga, halafu kamera inawekwa kabatini. Miezi yote hiyo miti ya barabarani imepukutisha na kuchipua mbele ya macho yao. Mtu asiyeona kitu kwenye kichaka cha mlangoni pake hatakiona mbugani. Ataona tu kile alichoambiwa akione. Jifunzeni kutazama! Simu mliyonayo inatosha kuanzia.

Na mkitazama, heshimuni. Naona watu wanachuma ua ili wakalipige mezani, wanavunja matawi yanayoziba, wanabomoa utando wa buibui wakijitafutia nafasi ya kusimama. Kuna wanaomweka mdudu kwenye jokofu mpaka anyong'onyee ili asiruke wakati wa kupigwa. Hilo mimi silikubali hata kidogo, na picha iliyopatikana hivyo siiiti nzuri, iwe na mwanga wa namna gani. Kama tawi linaziba, lisogeze taratibu kwa mkono wa pili kisha uliachie. Kama jani liko chini, lala chini wewe.

Mdudu hahitaji jokofu. Joto la mwili wake linafuata joto la hewa, kwa hiyo alfajiri, kabla jua halijampasha, anakuwa mzito na anatulia. Kipepeo utamkuta amekunja mabawa kwenye bua, kerengende ametapakaa umande mpaka machoni. Nenda saa hiyo. Mkaribie kwa upande, polepole, mwili wako ukiwa chini, na angalia kivuli chako kisimwangukie, kwa sababu kivuli ndicho kinachomkurupusha kabla hujafika. Piga ya kwanza ukiwa bado mbali, ndipo usogee. Akiruka, mwache, usimkimbize kwenye majani. Kesho alfajiri mtafute tena kwenye mabua hayohayo.